Tulipokuwa Tukisubiri Soko Lishuke

Kuna harufu moja ambayo kila nikikutana nayo meno yangu hukazana yenyewe. Ni harufu ya bigijii iliyokauka, ile pipi ya kutafuna ya zamani iliyolala bapa ndani ya pakiti pamoja na picha za wachezaji, imepakwa unga wa sukari. Juzi nilikuwa kwenye treni narudi Walthamstow, mtoto aliyekaa mbele yangu akafungua pakiti ya namna hiyo, na kabla sijajua ninachokumbuka, tayari nilikuwa nimemkasirikia mtu. Sikumkasirikia yule mtoto. Nilimkasirikia Bamdogo Wilfredi, mdogo wake baba yangu, kwa jambo alilolifanya nilipokuwa mtoto wa miaka kumi. Wengi wa rika langu mtasema yameshapita, sote tumekuwa watu wazima, tuna watoto na magoti yanayouma. Kwangu hayajapita. Kuna watu wanaotunza picha za utotoni, mimi nimetunza hasira, na imekaa vizuri, haijaingia hata kutu.

Tuliishi flati ndogo juu ya duka la vitambaa, dirisha letu linatazama soko. Wanaolijua soko la Walthamstow wanajua jinsi lilivyo refu. Sisi wa pale tuliligawa mara mbili: juu, karibu na stesheni, na chini, kule linakoishia. Asubuhi niliamshwa na vyuma vya vibanda vinavyogongana, na jioni nililala nikisikia mifagio ikisukuma majani ya kabichi. Baba alikuwa dereva wa basi. Mama alihudumia wazee majumbani mwao, akirudi na harufu ya dawa na supu za watu wengine. Tulikuwa tumetoka Korogwe mimi nikiwa na miaka saba, nimefika London sina hata Kiingereza cha kuombea maji. Shuleni nilikaa kimya muda mrefu hadi mwalimu akamwuliza Mama kama nina tatizo la masikio.

Aliyenifundisha kusoma ni Baba, na alitumia kadi za besiboli.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeujua mchezo wenyewe. Tulichojua ni kwamba ni mchezo wa Wamarekani, wa gongo na mpira mdogo. Lakini upande wa juu wa soko alikuwepo mama mmoja wa Kiingereza, Bi Doreen, aliyeuza vitu vya kale: vijiko, saa zilizokufa, vitasa vya milango, medali za watu wasiojulikana. Alikuwa amenunua vitu vya nyumba moja ambayo mwenyewe, mjane wa Kimarekani, alifariki, na ndani yake mkawa na kadi nyingi za zamani. Zilizokunjika kona aliziweka kwenye kopo la biskuti na kuziuza kwa bei ya pipi. Jumamosi Baba asipokuwa zamu tulikwenda kuchagua. Mbele palikuwa na picha ya mchezaji iliyopakwa rangi kama ya kalenda, na nyuma maelezo mafupi: alizaliwa wapi, anatupa kwa mkono gani, wakati wa baridi anafanya kazi gani. Mmoja aliuza bima. Mwingine alirudi kwao kuchunga ng'ombe, na huyo Baba alimpenda sana. Tulikaa kwenye sofa, Baba bado na sare yake, kidole chake kikubwa kikitembea chini ya maneno. Nilipokwama alinisubiri. Nilipopata alisema, "Haya, huyo umemmaliza, tumlaze." Kisha tukamlaza kwenye boksi la viatu.

Kadi moja haikuwa kwenye kopo. Bi Doreen aliiweka peke yake kwenye kisanduku chenye kifuniko cha kioo. Ilimwonyesha mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, amechuchumaa, mkononi kavaa glavu nene kama andazi lililoumuka kupita kiasi. Uso wake ulikuwa umetulia. Baba alipoiona mara ya kwanza alisimama hata watu wakawa wanampita kwa kumsukuma.

"Tazama anavyokaa," aliniambia. "Baba yangu alikaa hivi hivi bombani, akisubiri zamu ya maji. Hakuegemea kitu, hakuchoka."

Tukampa jina: Mzee Chuchumaa. Kila tulipokwenda tulimsalimia kwanza kabla ya kufungua kopo. Bei yake haikuwa ya pipi. Na kila tuliporudi ilikuwa imesogea, kwa sababu, Bi Doreen alieleza, huko Marekani watu wazima walikuwa wameanza kuzitafuta kadi za utoto wao, na mpwa wake alimtumia habari za bei. Hakuficha. Alimwambia Baba, "Ningekuwa wewe ningenunua leo. Mwezi ujao mimi mwenyewe sitaweza kuinunua."

Baba hakuwa mtu wa kukurupuka. Alitaka ushauri, na kwetu ushauri ulikuwa ni Bamdogo Wilfredi.

Bamdogo ndiye msomi wa ukoo. Alifanya kazi kwenye ofisi ya mambo ya fedha katikati ya jiji, alivaa koti refu jeusi na viatu vilivyosikika kabla yake kwenye ngazi. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kula kwetu, na Mama alimwekea kipande cha nyama kilicho kizuri zaidi. Alipenda kuongea habari za soko. Soko limeamka, soko limelala, soko linaogopa. Jumapili hiyo Baba alimweleza habari za Mzee Chuchumaa, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Iko kibanda gani?" Bamdogo aliuliza.

Baba akamwelekeza.

"Ina mikunjo? Kona zake zikoje?"

"Safi kabisa. Kama imechapwa jana."

Bamdogo alitafuna taratibu. "Kaka, usinunue. Huyo mama anakupima. Akiona hamu yako anapandisha. Na soko lenyewe limepanda mno sasa hivi, watu wameingia wazimu. Litashuka."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka lishuke. Mimi naliangalia kila siku kwenye kompyuta. Nitakwambia."

"Haya," alisema Baba. "Tutasubiri."

Sasa, mimi nilikuwa nimekaa pale sakafuni na mfupa wangu, na nililielewa neno lile kwa akili ya mtoto anayelala juu ya soko. Soko nililolijua ni moja, lile la dirishani. Bamdogo alisema limepanda mno, na ni kweli, kibanda cha Bi Doreen kilikuwa upande wa juu kabisa, karibu na stesheni. Alisema litashuka. Nikaelewa kwamba siku moja vibanda vitasogezwa, vije chini, na vikifika chini Mzee Chuchumaa atakuwa rahisi. Kwa nini ingekuwa hivyo sikujiuliza. Mambo mengi ya London yalikuwa hivyo, yanatokea kwa amri ya watu ambao hatukuwaona.

Basi nikawa mlinzi wa soko. Kila asubuhi kabla ya shule nilichungulia dirishani. Jumamosi nilikwenda mwenyewe kuhakikisha. Bi Doreen alikuwa pale pale juu, na bei ya Mzee Chuchumaa ikazidi kusogea. Baba aliuliza kila Jumapili, "Vipi, bado?" na Bamdogo akajibu, "Bado kidogo, kaka. Vumilia." Baba alikuwa akiomba zamu za ziada siku za sikukuu, hilo nililijua kwa sababu viatu vyake havikuwa vikipoa mlangoni.

Kisha wakaja mafundi wa bomba la gesi wakachimba upande wa juu. Jumamosi ile nilichungulia dirishani nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelisubiri miezi. Vibanda vyote vya juu vilikuwa vimehamishwa. Nikakimbia hadi nikampata Bi Doreen karibu na wauza samaki, chini kabisa, amevaa glavu zisizo na vidole, ananung'unika. Sikusimama hata kumsalimia. Nilirudi mbio nikapanda ngazi, Baba alikuwa anapiga viatu rangi.

"Baba, soko limeshuka."

"Nani kakwambia?"

"Nimeliona mwenyewe. Bi Doreen yuko chini, kwa wauza samaki."

Baba alinitazama. Brashi ikabaki hewani. Niliona anaelewa, uso wake ukalainika, lakini hakunicheka. Nadhani naye alikuwa amechoka kusubiri. Aliweka brashi chini akachukua koti lake.

"Kama limeshuka limeshuka," alisema. "Twende."

Tulishuka soko tumeshikana mikono. Kisanduku cha kioo kilikuwa pale mezani, ndani mna bangili.

"Nimeiuza Jumatano," Bi Doreen alisema, na alimwangalia Baba kwa huruma. "Alikuja bwana mmoja mwenye koti refu. Hakuomba hata kupunguziwa."

"Haidhuru," Baba alisema. Akanunua kadi mbili za kwenye kopo ili asionekane amekuja bure. Njiani nililia, nikijua kosa ni langu. Kama ningechungulia dirishani vizuri Jumatano ningeona soko likianza kushuka.

Krismasi mwaka ule tulialikwa kwa Bamdogo. Alikuwa amenunua nyumba, treni mbili kutoka kwetu, yenye bustani na ngazi za ndani. Walijaa watu wa kanisani, pilau inanukia, binamu zangu wadogo wanapita wakijibu kila kitu kwa Kiingereza. Nilikwenda kutafuta choo, na kwenye ujia, kando ya picha ya Bamdogo ya siku ya mahafali, ndani ya fremu nyeusi, alikuwepo Mzee Chuchumaa.

Nilimvuta Baba kwa mkono wa shati. Alikuja, akasimama mbele ya fremu. Bamdogo alitokea nyuma yetu na glasi mkononi.

"Aa, mmeiona. Nilikuwa nataka nikwambie, kaka. Ilikuwa nafasi nzuri."

"Uliniambia nisubiri."

"Nilikwambia nilivyoona wakati ule. Baadaye nikaona tofauti." Akampiga Baba begani. "Hii ni biashara bwana, usiitie moyoni."

Hilo ningeweza, pengine, kulisamehe. Watu wana tamaa, na tamaa ni kama njaa. Ila mezani, watu wakiwa wameshiba, Bamdogo aligonga glasi yake kwa kijiko na kukisimulia kisa chote. Alikisimulia vizuri, sikatai. Alimwigiza kaka yake anavyouliza kila Jumapili, "Vipi, bado?" kwa ile sauti ya Baba ya taratibu. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu Baba alikuwa amemweleza habari zangu kwenye simu, kwa upendo, kama baba anavyoeleza vituko vya mwanawe. "Na huyu naye," Bamdogo alisema, "alikuwa akienda kupima soko kwa miguu. Akarudi kumwambia baba yake limeshuka, limefika kwa wauza samaki."

Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Hapo ndipo nilipojifunza maana ya soko, mbele ya watu wale wote, mdomo umejaa wali. Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anacheka. Alicheka kwa mdomo tu, macho yake yakiwa kwenye kitambaa cha meza, na vidole vyake vikikunja na kukunjua kona ya kile kitambaa.

Tuliporudi nyumbani aliliweka boksi la viatu juu ya kabati. Jumamosi iliyofuata alisema amechoka. Iliyofuata pia. Kusoma kwetu kukaishia pale.

Nilitimiza miaka kumi na moja nikiwa na nia moja tu: Bamdogo alie. Sikutaka aombe radhi, maana radhi angeiomba vizuri, kwa maneno mazuri, na watu wangempenda zaidi. Nilitaka kwanza achekwe, halafu alie.

Nilianza kumsaidia Bi Doreen siku za Jumamosi, kumshikia meza akienda kunywa chai. Siku moja alinionyesha kitu alichokikuta chini ya kasha la yule mjane: pakiti nzima ya kadi, ya zamani, haijafunguliwa tangu itoke kiwandani. Karatasi yake ya nta ilikuwa imegeuka manjano kidogo. Ukiinusa ulisikia sukari.

"Ndani kuna nani?" nilimwuliza.

"Hakuna anayejua, mpenzi. Labda mfalme, labda makapi. Ndiyo maana watu wanaitaka."

Jioni ile Bamdogo alipopiga simu kumtafuta Baba, nilipokea mimi. Nikamwambia Baba yuko zamu, na kwa sauti ya mtoto asiye na shughuli nikaongeza, "Bi Doreen ana pakiti ambayo haijafunguliwa."

Akaacha kumwulizia Baba. "Haijafunguliwa kabisa?"

Alikuja Jumamosi iliyofuata. Nilimwona anavyotazama vijiko, anavyotazama saa, anavyoitupia pakiti jicho la mtu aliyeona kitu cha kawaida. Nikajua kwamba ndivyo alivyomtazama na Mzee Chuchumaa. Aliuliza bei, akaguna, akaondoka. Kwenye kona alinipungia mkono nimfuate.

"Neema, wewe uko pale kila wiki. Ukiona mtu anaiulizia ile pakiti, unipigie, sawa? Soko lime… limechangamka sana. Nataka nijue niingie lini."

"Sawa, Bamdogo."

Sikumpigia siku ile. Nilimpigia siku iliyofuata, nimesimama kwenye kiti ili niifikie simu ya ukutani, Mama akiwa bafuni. Nilimwambia amekuja mzee. Mzee wa Kihindi, anakaa Neasden, upande mwingine wa London, zamani aliishi Moshi, anaongea Kiswahili kuliko mimi. Ana kofia ya kijivu na mwavuli. Ameishika pakiti kwa leso ili asiichafue.

Hakukuwa na mzee. Nilimtengeneza pale pale kwenye kiti, na alipotoka mdomoni alikuwa amekamilika, hata nikamwona.

"Alisema atainunua?"

"Alisema anasubiri soko lishuke."

Bamdogo alicheka hadi akakohoa. "Basi huyo hatanunua maisha yake yote."

Lakini wiki iliyofuata alipiga yeye mwenyewe kuuliza kama mzee amerudi. Nikasema amerudi, tena na mwanawe. Wiki nyingine nikasema mwanawe anamsukuma anunue, na wamegombana mbele ya meza. Bamdogo akaanza kufika sokoni hata siku za kazi, na koti lake refu. Alipomwuliza Bi Doreen kama watu wengine wanaiulizia, Bi Doreen alijibu kama mchuuzi yeyote: wanaiulizia sana. Na alipoona mtu mmoja anarudi mara kwa mara, alipandisha bei. Akirudi tena, akapandisha tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti kando yake nikila chipsi, nikitazama uso wa Bamdogo ukibadilika, na sijawahi kula chipsi tamu kama zile.

Huko Marekani kadi zilizidi kupanda, hilo sikulibuni mimi. Bamdogo mwenyewe ndiye aliyeniambia, siku zile alipoanza kuongea nami kama mtu mzima kwa sababu hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Mkewe alikuwa anasubiri jiko jipya, fedha zake zimeshatengwa, na hakutaka kusikia habari za karatasi. Jioni moja alinipigia, sauti imeshuka.

"Neema, niambie kweli. Yule mzee yukoje?"

"Amesema Jumamosi anakuja na fedha."

Nilimsikia akipumua. Mtu aliyesoma vyuo viwili alikuwa anamwuliza mtoto wa darasa la sita. "Nisubiri au ninunue?"

Nilikuwa nimemsubiri afike hapo kama Mzee Chuchumaa anavyosubiri mpira. "Nunua, Bamdogo," nilisema. "Kesho. Usisubiri."

Akanunua. Lile jiko likaingia ndani ya pakiti moja inayoenea kwenye kiganja.

Pasaka tulialikwa tena. Mkewe alituandalia chakula kwenye jiko la zamani, akifunga milango ya kabati kwa nguvu ili sote tusikie. Pakiti ilikuwa sebuleni, ndani ya kasha la kioo, na Bamdogo aliwaeleza wageni ni ya mwaka gani na kwa nini haifunguliwi. Nilisubiri hadi wote wamekaa. Kisha nikauliza, kwa upole kabisa, "Bamdogo, kwani ndani kuna nani?"

"Hatujui. Ndiyo thamani yake."

"Hujui?" aliuliza mzee mmoja wa kanisa. "Umenunua kitu usichokijua?"

Mtu mmoja akacheka kidogo. Binamu zangu wakaanza kuruka, wanataka ifunguliwe. Mkewe, akiwa mlangoni na taulo begani, alisema, "Hebu ifungue tulione jiko langu." Hapo watu wakacheka wote, na nilimwona Bamdogo akisikia kicheko kile na kushindwa kukivumilia hata kwa dakika moja. Baba alikuwa amekivumilia mlo mzima. Bamdogo alisema kama ndani yumo mmoja wa wale wakubwa, bei itapanda mara nyingi. Alisema anajua anachofanya. Akafungua.

Harufu ya sukari ikajaa sebuleni. Bigijii ilikuwa imekauka kama kigae, ikapasuka na kumwagika kwenye zulia. Aliitoa kadi ya kwanza, akaigeuza, akaweka chini. Ya pili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kadi nyingi kuliko yeye, niliwajua. Walikuwa watu wa kwenye kopo la biskuti. Mmoja wao tulikuwa naye nyumbani, yule wa bima. Ya mwisho bigijii ilikuwa imeganda usoni mwa mchezaji, na alipojaribu kuibandua ikaondoka na pua.

Alipanda juu kutazama bei kwenye kompyuta. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hiyo," yule mzee wa kanisa aliuliza, "jiko ndiyo limekwenda?"

Sijui kama nitasikia tena kicheko kama kile. Watu walipiga mapaja. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama, nataka nisipoteze kitu. Baba pia hakucheka. Alipiga magoti akakusanya vipande vya bigijii kutoka kwenye zulia kwa kipande cha gazeti, akazipanga zile kadi na kumrudishia mdogo wake.

Nyumbani, Mama alipokwenda kubadili nguo, Baba aliniita jikoni.

"Huyo mzee wa Neasden," alisema. "Anavaa kofia ya rangi gani?"

"Kahawia."

"Mdogo wangu aliniambia ni ya kijivu."

"Alimwona?"

"Hajawahi kumwona. Wewe ndiye uliyemwambia ya kijivu."

Nilisubiri kofi, au yale mahubiri yake marefu ya sauti ya chini, ambayo ni mabaya kuliko kofi. Baba alinitazama kwa muda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Aliegemea friji, akateleza taratibu hadi akakaa sakafuni na miguu ameinyoosha, mkono mdomoni ili Mama asisikie, na machozi yakamtoka. Alijaribu kuwa mkali. "Usirudie," alisema. Halafu akasema, "Kwa nini Neasden?"

"Niliona imeandikwa kwenye basi."

Ikawa mwanzo mpya wa kucheka. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa koti lake, akasimama kwenye kiti, akaliteremsha boksi la viatu.

Bamdogo hakuacha kukisimulia kile kisa cha kaka yake aliyesubiri soko lishuke. Baada ya Pasaka ile alikihitaji zaidi, ili watu wasahau cha kwake. Alikisimulia kwenye harusi, kwenye vipaimara, siku nilipohitimu chuo. Mzee Chuchumaa hakumwuza hata siku moja. Yuko ukutani kwake mpaka leo.

Baba alifariki msimu wa baridi uliopita. Kwenye ukumbi baada ya mazishi walimpa Bamdogo kipaza sauti, na mnajua alichosimulia. "Vipi, bado?" alisema, kwa sauti ya Baba, na watu waliokuwa wakilia wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye meza ya chai, birika mkononi. Akashuka akaja moja kwa moja kwangu, amezeeka, viatu vyake havisikiki tena.

"Neema, sijakuudhi? Kaka alikipenda kisa kile. Miaka yote hii, kila nilipokisimulia alicheka kuliko wote."

Nikaweka birika chini.

"Bamdogo," nilisema, "yule mzee wa Neasden hakuwepo. Nilimbuni mimi."

Alitabasamu kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Kisha tabasamu likaondoka polepole, kuanzia machoni. Alishika ukingo wa meza.

"Kaka alijua?"

"Alijua Pasaka ile ile, kabla hatujavua makoti."

Nilimmiminia chai, nikamtilia sukari nyingi kama anavyopenda, nikamwekea kikombe mkononi.

"Kwa hiyo niambie," nilisema, "miaka yote hii, ulidhani alikuwa anacheka nini?"